Jiwe la Watamu Linaliwa Chini, na Nyinyi Mnapiga Picha Juu

Wasee, nianze na ile picha. Mnaijua. Jiwe kama uyoga limesimama kwa maji ya buluu, msee amesimama mbele yake na mikono imefunguliwa kama anangoja kubatizwa, anga ni ya chungwa kama Fanta, na chini imeandikwa "machweo ya Watamu". Nimeiona mara nyingi, na kila mara nauliza swali moja: jua la Watamu lilianza lini kuzama baharini?

Bahari ya Hindi iko mashariki kwetu. Jua linatoka kwa maji asubuhi, linaenda kuzama nyuma ya minazi, upande wa Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke. Kwa hivyo ama uliamka saa kumi na moja alfajiri ukangoja macheo, na mimi nakujua, hukuamka, ama hiyo ni filta.

Lakini filta si kesi ya leo. Kesi ya leo ni kwamba picha zote hizo zimekatwa mahali pamoja. Zinaanzia kiunoni mwa jiwe kwenda juu. Ule mguu mwembamba uliobeba mzigo wote, pale mawimbi yanagonga, haumo. Na stori yote iko hapo. Kama picha yako haionyeshi pale jiwe linaliwa na maji, hujapiga picha ya jiwe. Umejipiga wewe, jiwe likakusindikiza. Na kuna watu wanafurahi sana ukiendelea kupiga hivyo. Nitawafikia.

Kwa wageni wa hapa: mimi ni mtoto wa Kiamaiko. Mathe anauza supu karibu na soko la mbuzi. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda familia, na tangu hapo simu ndiyo mboka yangu. Desemba iliyopita mimi na mabeste wawili tulichanga nauli, tukapanda SGR ya usiku, tukashika matatu Mombasa, tukavuka daraja la Kilifi, tukashuka Gede, halafu tuktuk hadi Watamu. Nilikuwa na simu moja yenye kioo kimepasuka. Niliporudi nikamwonyesha mathe picha karibu mia tatu. Akazipitisha na kidole, akapitisha, akapitisha, kisha akaniangalia.

"Yaani umeenda Pwani yote hiyo ukaniletea mawe?"

Ndiyo mathe. Nimeleta mawe. Na wengi kwa komenti waliuliza swali hilo hilo lakini kwa matusi, kwa hivyo leo nawajibu wote pamoja.

Mwamba wa Watamu ulikuwa kitu hai. Ni matumbawe, ndugu wa yale watu wanalipia boti na miwani ya maji kwenda kuyaona, ila haya yalikufa kitambo. Miaka kama 125,000 iliyopita barafu nyingi ya dunia ilikuwa imeyeyuka na bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Matumbawe yakajijenga hadi huko juu. Bahari ikashuka, yakabaki yamekauka, yakawa jiwe la chokaa. Sogeza simu karibu, kama shibri moja hivi, utayaona yenyewe: miduara yenye mikunjo kama ubongo wa mbuzi, na mtoto wa Kiamaiko anaujua ubongo wa mbuzi akiona. Utaona vipande vya kombe. Utaona vitundu vya viumbe waliokaa humo kabla mtu yeyote hajaandika chochote popote.

Halafu jiwe likaanza kuliwa. Juu linaliwa na mvua na chumvi. Maji ya mvua yana asidi kidogo kwa sababu yamebeba hewa ya kaboni, na chokaa haiwezani na asidi. Matone ya mawimbi yanaingia kwa vitundu, yanakauka, chumvi inakua humo ndani na kupasua. Ndiyo maana juu kuna ncha kali kama wembe. Beste yangu alipanda na slipa mbili akashuka na moja, na damu.

Chini linaliwa kivingine. Kuna mawimbi yenye mchanga yanayosugua kila siku. Kuna viumbe vidogo vyenye magamba vinavyong'ang'ania jiwe na kulikwangua vikitafuta mwani wa kula, na kila kimoja kinatoka na punje ya jiwe tumboni. Punje tu. Lakini wape miaka elfu kadhaa. Mkwaruzo unakuwa mfereji, mfereji unaingia ndani, jiwe linabaki na kofia pana na mguu mwembamba. Huo ndio uyoga wako. Na siku moja mguu unachoka. Tembea hapo maji yakipwa utaona mapande makubwa yamelala kifudifudi mchangani. Hizo zilikuwa kofia.

Usidhani natia chumvi. Kule Malta kulikuwa na tao la mawe baharini, Azure Window, limepigwa picha na dunia nzima. Tarehe 8 Machi 2017 kulikuwa na dhoruba, likaanguka lote, hata nguzo. Saa hii kilichobaki ni zile picha. Jiulize: likianguka la kwetu kesho, ukusanye picha zote za mtandaoni, utajua mguu wake ulikuwa mwembamba kiasi gani? Hutajua. Utajua tu nani alivaa nini.

Sasa nifike kwa wale wanaofurahi.

Siku ya pili tulikuwa tumekaa kwa mchanga tukingoja maji yatoke. Mzee mmoja mvuvi akatupita, akacheka. "Wanangu, nyinyi mwaja na saa ya Nairobi. Huku saa ni maji." Akatukalisha. Akatuambia maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa karibu saa nzima kuliko jana. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Bamvua ya Pwani yetu inaweza kupanda na kushuka karibu mita 4. Hiyo ni zaidi ya nyumba ya chini. Asubuhi unaona jiwe limevaa maji hadi shingoni, mchana unatembea chini yake na viatu.

Tukaenda wakati huo. Maji yametoka kabisa, mwamba uko uchi, mguu wote unaonekana. Nikainama nikaanza kupiga. Juu ya mwamba huo, pale pale kwa ukingo, kuna ukuta wa hoteli. Chini ya ukuta mtu amejaza saruji kwa pango la jiwe kama daktari wa meno. Nikapiga moja. Soja akashuka ngazi.

"Vijana, hapa hamruhusiwi. Zima kamera."

"Mkubwa, hii ni simu tu. Tunapiga jiwe."

"Hata kama ni jiwe. Hii ni bichi ya hoteli."

Nikamwambia kwa heshima kwamba bichi haina hoteli, hoteli ndiyo ina bahati ya kuwa karibu na bichi. Akaangalia nyuma, akashusha sauti. "Mdogo wangu, mimi najua. Lakini nimewekwa hapa na nina watoto. Usifanye nifutwe kazi." Tukaondoka. Yeye simlaumu hata kidogo. Kwanza hata maji yalikuwa yameanza kurudi.

Wasee, mnajua neno "pwani" limetoka wapi? Limetoka kwa "kupwa". Pwani ni pale maji yanapopwa. Yaani wazee waliotuachia hii lugha waliangalia kile kipande cha ardhi ambacho saa zingine ni bahari na saa zingine ni nchi kavu, wakakipa jina lake, na jina hilo likawa la mkoa mzima. Halafu mwaka wa 2010 tukapitisha Katiba, na Kifungu cha 62 kikasema kitu kile kile kwa lugha ya mawakili: ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Soma 62(1)(l). Haisemi ya umma wa Kilifi pekee. Haisemi ya umma wenye chumba namba fulani. Msee wa Kiamaiko mwenye kioo kilichopasuka yumo.

Sasa unganisha. Ule mguu wa jiwe, pale mfereji ulipochongwa na maji, uko wapi? Uko kati ya maji kujaa na maji kupwa. Mfereji wenyewe ndio alama ya maji, bahari imechora mpaka wake kwa jiwe bila kuajiri mpima ardhi. Kwa hivyo sehemu ya jiwe ambayo hatupigi picha ndiyo sehemu ambayo ni yetu kwa Katiba. Na sehemu ambayo tunapiga, ile kofia yenye bustani na mwavuli juu, ndiyo ya mwenye hati. Tumekuwa tukimtangazia mwenye hati bure, na data bando ni yetu.

Ndiyo maana nilisema kuna watu wanafurahi. Picha isiyo na chini haionyeshi ukuta umefika wapi. Haionyeshi saruji. Ukuta wa saruji hauzimi wimbi, unalirudisha, na likirudi linabeba mchanga wa mbele ya ukuta, na kwa ncha za ukuta linaenda kula kwa jirani. Picha za miaka mitano za mahali pamoja zingeonyesha hayo bila mtu kubishana. Nani anazo? Si sisi. Sisi tuna macheo yaliyoitwa machweo.

Najua mtasema nini, kwa hivyo tubishane.

Kuna wa "hoteli zinalinda wageni wao". Sawa. Mgeni ana haki ya kutopigwa picha akiwa na nguo ya kuogelea, na ukimpiga bila kumuuliza wewe ndiye mkosaji, si soja. Katiba pia haikupi ruhusa ya kukatisha kwa bwawa la mtu ati unaenda baharini. Tafuta njia ya umma, tembea. Lakini kumlinda mgeni ni jambo moja, na kumfukuza mtu anayepiga jiwe chini ya alama ya maji ni jambo lingine.

Kuna wa "Watamu ni hifadhi, lipa ada". Kweli, bahari ya Watamu ni hifadhi ya taifa tangu 1968, iko chini ya KWS, kuna ada ya kuingia na kuna kibali ukienda na filamu ya biashara. Ukiingia humo, lipa. Pesa hizo zinalinda matumbawe ambayo bado yako hai. Mimi sipingi risiti ya umma. Napinga mtu binafsi kukusanya hofu bila risiti.

Na kuna wale wakubwa, wa mtaani kwangu: "Buda, Kiamaiko maji hakuna, taka zimejaa, wewe unalia juu ya mawe ya Watamu?"

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Sisi ndio tunajua maana ya msingi kuliwa na maji kuliko mtu yeyote Kenya. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua, ghorofa iliporomoka Huruma, hapo karibu na mto. Watu zaidi ya 40 wakafa. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka watu wazima wa mtaa wakitembea kuelekea huko kimya. Baadaye kila mtu akawa mjuzi wa msingi. Kabla ya hapo nani alikuwa amepiga picha ya chini ya hilo jengo? Watu wangepiga roshani, wangepiga paa. Chini, pale unyevu unapanda ukutani, hakuna anayepiga.

Na hili bonde letu la Mathare lilikuwa machimbo ya mawe. Enzi za ukoloni mawe yalikatwa huku kwenda kujenga Nairobi ya wengine. Kule Pwani ni vivyo hivyo: Gede, ambayo UNESCO iliitia kwa orodha yake mwaka wa 2024, imejengwa kwa matumbawe, na Fort Jesus imejengwa kwa matumbawe juu ya matumbawe. Jiwe linatoka mahali, linakuwa ukuta mahali pengine, na wanaobaki na shimo ni watu kama sisi. Kwa hivyo usiniambie jiwe halinihusu.

Tena linganisha. Mvua ya 2024 ilipofurika Mathare, watu walikufa, halafu serikali ikaja na matingatinga. Ikasemwa mita 30 kutoka mtoni ni ardhi ya mto, tokeni. Watu wakalala nje na watoto. Kifungu kile kile cha 62, kile kinachofanya ufuo kuwa wa umma, ndicho kinafanya mito kuwa ya umma. Sasa mbona kwa mto wa Mathare sheria inakuja na tingatinga, na kwa bahari ya Hindi sheria inashuka ngazi na sare ya kampuni ya ulinzi kunifukuza mimi? Maji ni maji. Kama kuna mita za umma mbele ya mabati ya Mathare, basi ziko pia mbele ya ukuta wa hoteli. Kama mnapima, pimeni kote.

Na sisi pia tusijifanye malaika. Nimeona majina yamechongwa kwa yale mawe. Nimeona majina ya mitaa ya Eastlands, herufi kubwa, tarehe, na moyo. Mtu amebeba kisu kilomita zaidi ya 500 kuja kumwandikia dem wake jina kwa jiwe la miaka 125,000, na saa hii pengine hata hawasalimiani. Jiwe hilo halioti tena. Kazi ambayo wale viumbe wenye magamba wangefanya kwa miaka mingi, wewe umemaliza kwa dakika kumi. Mbaya zaidi, umempa mwenye ukuta hoja yake: "Mnaona? Hawa ndio mnataka waje." Ukipanda juu ya uyoga upate picha, ni hivyo hivyo. Mguu ule haukuuliza uzani wako.

Basi piga hivi. Angalia ratiba ya maji kabla ya kuangalia hali ya hewa. Fika maji yakiwa bado yanatoka, saa moja au mbili kabla ya kupwa kabisa, na yakianza kugeuka toka, usikae chini ya kofia ya jiwe ati upate moja ya mwisho. Vaa viatu vya ukweli. Piga asubuhi, mwanga ukija kwa ubavu kutoka baharini, mikunjo yote inatokea bila filta. Weka kitu cha kupimia, kiatu, chupa, mkono, ili mtu ajue ukubwa. Simama mahali unaweza kupakumbuka, urudi hapo hapo mwakani. Na kwa maelezo andika tarehe, saa, na maji yalikuwa yanapwa au yanajaa. Hiyo inatosha. Hauhitaji digrii, mimi sina.

Ile picha moja niliyopiga kabla ya soja kushuka niliiposti. Ilipata watu 41. Ile ya beste yangu ameshika slipa moja ilipata maelfu. Sawa, nacheka pia. Lakini ile ya 41 ina mfereji, ina saruji, ina ukuta, na ina tarehe. Nimeiweka mahali tatu.

Nimeanza kuchanga nauli tena. Mathe amesema safari hii nimletee samaki, si mawe, na nimekubali samaki. Soja, kama unasoma: nitasimama pale pale, chini ya alama ya maji, sitampiga mgeni wako hata mmoja, na maji yakigeuka nitakuwa nimetoka. Nyinyi wengine, kuna bamvua mwezi ukiandama. Kateni anga kwa picha, mniletee mguu wa jiwe.